Cajal na Seli Changa za Ubongo

Kwetu Hamugembe, shamba la migomba likishakomaa huwezi kujua jani lipi ni la mgomba upi. Likiwa changa, kila mche unauona peke yake. Mimi kwa mfano huo tu ndipo nilipomwelewa Santiago Ramón y Cajal, yule Mhispania ambaye michoro yake ya ubongo bado tunaikuta vitabuni.

Alizaliwa 1852. Alitaka kuwa mchoraji, baba yake daktari akakataa katakata, akampeleka kujifunza ukinyozi, kisha ushonaji viatu. Baadaye baba huyohuyo akamfundisha mifupa, na kijana akaona kumbe hata mwili unachorwa. (Habari za wazazi wetu na kozi wanazotuchagulia tuziache.) Akahitimu udaktari 1873, jeshi likampeleka Cuba, akarudi hoi kwa malaria.

Mwaka 1887, akiwa Madrid, akaonyeshwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi: kipande cha ubongo kikitiwa dawa fulani, ya mwisho ikiwa na madini ya fedha, seli chache tu hugeuka nyeusi, lakini nzima nzima mpaka ncha za matawi. Golgi aliamini matawi hayo yameungana kuwa wavu mmoja. Cajal akaacha ubongo uliokomaa, akachukua wa viinitete na wanyama wachanga, ambamo matawi hayajasongamana na nyuzi hazijavaa utando wa mafuta unaozuia rangi. Jamani, hapo ndipo penye akili yake! Akaona kila seli inaishia yenyewe. Zinakaribiana, haziungani. Akayachapisha kwenye jarida alilolianzisha mwenyewe, kwa pesa yake.

Hipokampasi nayo aliichora: seli zenye umbo la piramidi zimejipanga safu, matawi juu, matawi chini. Kwamba ndiyo inayohifadhi kumbukumbu mpya, hilo lilijulikana baada yake. Bibi yangu anasimulia Vita vya Kagera siku kwa siku, ila nikimsalimia asubuhi, saa sita ananiuliza nimefika lini. Kwa hiyo michoro ile siisomi kwa ajili ya mtihani tu.

Mwaka 1906 yeye na Golgi waligawana Nobel, na Golgi akatumia hotuba yake kuutetea wavu. Cajal alifariki Madrid, Oktoba 1934. Uwazi mwembamba kati ya seli na seli ulikuja kuonekana kwa hadubini ya elektroni miaka ya 1950.