Muhammed Said Abdulla, aliyempeleka mpelelezi kwenye mzimu

SINGIDA

Kwa wakazi wa Mkalama mkoani Singida, ambako Waisanzu wamekuwa wakitambika kuwaomba mababu mvua, jina la riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale halihitaji ufafanuzi. Anayestahili kuelezwa ni mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, aliyeiweka maiti mahali pa kuogopwa, kisha akamtuma huko mtu asiyeridhika na majibu ya hofu.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, Aprili 25, 1918. Alihitimu masomo mwaka 1938 na kuajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, kazi ambayo pengine ilimzoesha kutazama kile ambacho wengine hukipita. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na kuanzia mwaka 1958 alihariri jarida la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968.

Umaarufu wake ulitokana na mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza na kuchapishwa mwaka 1960. Ndani yake Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa ameuawa mzimuni. Bwana Msa, mvuta kiko, anaichambua kesi hiyo akiwa na rafiki yake Najum. Deni kwa Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle liko wazi, lakini mazungumzo, nasaba na siri za jamaa ni za Unguja tupu.

Nchini Marekani, vitabu vya Nancy Drew, mpelelezi kijana aliyeanza kusomwa mwaka 1930, vilianza kuandikwa upya mwaka 1959. Vilifupishwa, umri wa shujaa ukapandishwa kutoka miaka 16 hadi 18, na maelezo yaliyowadhalilisha watu weusi yakaondolewa.

Unguja nayo ilibadilika kwa Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Njia ya Abdulla ilikuwa kumpa shujaa wake kesi mpya: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Wapo waliozihesabu kazi hizo kuwa burudani isiyoyagusa Mapinduzi. Hoja hiyo ina uzito, ingawa kumfundisha msomaji kudai ushahidi si burudani tu.

Mwaka 1984 ilitoka Kosa la Bwana Msa, ambayo jina lake lilimtwika kosa mpelelezi mwenyewe. Abdulla alifariki dunia Machi 1991.