Sanaa: Bernini, mzee wa Roma aliyewafundisha wanafunzi wa Paris

Ni tarehe 5 mwezi wa tisa mwaka 1665. Mzee wa miaka 66 anaingia katika Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na Uchongaji mjini Paris. Ni Gian Lorenzo Bernini, mchongaji sanamu kutoka Roma, mgeni wa mfalme Louis wa 14. Walimu na wanafunzi wamekusanyika kumsikiliza.

Aliwaambia kwamba kijana asianze kwa kuchora mtu aliye hai. Aanze na sanamu za kale zilizonakiliwa kwa plasta, ili jicho lizoee uzuri kwanza. Kwa maoni yake, maumbile mara nyingi ni hafifu, na kijana asiyejua kingine ataishia kuchonga uhafifu huo. Yeye mwenyewe, alipokwama katika kazi zake za kwanza, alikimbilia sanamu ya kale ya Antinous. Ila hakutaka wabaki wakinakili tu: wanakili, kisha watunge cha kwao.

Ushauri huo unaweza kushangaza. Bernini, aliyezaliwa Naples mwaka 1598, mtoto wa mchongaji, ndiye aliyelipa jiwe pumzi kuliko wote wa wakati wake. Kabla ya kufikisha miaka 30 alikuwa amemchonga Daphne akigeuka mti mbele ya Apollo, vidole vikiwa majani membamba ya marumaru. Na hapohapo Paris alikuwa akichonga sura ya mfalme kwa kumfuata mikutanoni na kwenye mchezo wa tenisi, akimchora akitembea na kusema. Kisha akaiweka michoro kando, asije akainakili. Lakini huyo ni fundi aliyekomaa. Chuoni alisema na wanaoanza.

Hakuwa mtu bila doa. Mwaka 1638, kwa wivu, alimtuma mtumishi amkate uso Costanza, mwanamke aliyekuwa mpenzi wake. Papa Urbano wa 8 akamsamehe Bernini, Costanza akafungwa. Jambo hilo halifutwi na uzuri wa sanamu.

Mwaka 1646 aibu ilimpata yeye: mnara wa kengele aliojenga kwenye basilika ya Mtakatifu Petro ulibomolewa kwa sababu ya nyufa. Aliinuka tena mwaka 1651 na Chemchemi ya Mito Minne mjini Roma. Humo mto Nili umefunikwa kichwa, kwani watu wa Ulaya hawakujua chanzo chake. Sehemu ya maji hayo inatoka mashariki mwa Kongo, kupitia mto Semliki.

Paris alikuwa ameitwa hasa kuchora ramani ya jumba jipya la Louvre. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 17 mwezi wa kumi, siku tatu baadaye akaondoka. Kudharau majengo ya Wafaransa waziwazi hakukumletea marafiki, na mwaka 1667 ramani yake iliachwa. Wazo la chuoni lilipata bahati zaidi: mwaka 1666 Ufaransa ilifungua chuo Roma, vijana wake wakajifunze mbele ya sanamu za kale zenyewe.

Bernini alifariki Roma tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1680. Sanamu yake ya mwisho kwa Louis, mfalme juu ya farasi, ilifika Ufaransa mwaka 1685. Mfalme hakuipenda. Mchongaji Girardon, mwalimu wa chuo kilekile cha Paris, aliagizwa kuibadilisha iwe Marcus Curtius, shujaa wa Roma ya kale.