Charles Dickens na mukono uliolipa masomo

Leo tunawaletea maisha ya Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza. Alikufa zamani, lakini habari yake inafika mupaka kwetu watu wa migodi.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1812, kule Portsmouth, muji wa bandari. Baba yake John alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Mushahara ulikuwako, lakini watoto walikuwa wengi na baba hakujua kupima matumizi. Mwaka 1824, kule London, wakamutia buloko ya Marshalsea juu ya deni ya pauni 40 na kitu ya muuza mikate. Mama na watoto wadogo wakaenda kukaa naye mule mule ndani.

Charles alikuwa ametimiza tu miaka 12. Wakamutuma kazi katika nyumba ya siraje ya viatu, pembeni ya muto Thames, nyumba ya kuoza yenye kujaa panya. Kufunika vikopo, kufunga kamba, kubandika karatasi: masaa 10 kwa siku, shilingi 6 kwa juma. Hata kisha baba kutoka buloko, mutoto alibaki kazini. Mwishowe baba alimurudisha masomoni, lakini mama alitaka aendelee kuleta ile mushahara. Jambo hilo Charles hakulisahau mupaka kufa.

Kisha masomo alikuwa karani wa avoka, akajifunza kuandika mbio mbio, akaandikia magazeti mabishano ya bunge. Mwaka 1836 akaanza kitabu chake cha kwanza cha hadithi, na jina likatoka. Kilichofuata, Oliver Twist, ni habari ya yatima.

Mwaka 1842 ripoti ya serikali ilionyesha kwamba watoto, wengine wa miaka 5 tu, wanashinda gizani chini ya udongo wakifungua milango ya hewa katika migodi ya makaa. Wenye migodi wakapinga sheria ya kuwalinda. Dickens akaandika gazetini kuitetea. Sheria ikapita: wanawake, wasichana na wavulana chini ya miaka 10 wakakatazwa kazi ya chini.

Lakini mutu huyu aliyesemea watoto wa wengine hakuwaambia watu kwamba yeye mwenyewe alikuwa mutoto wa kazi. Alisikia haya. Alimwambia rafiki yake John Forster, naye akaitoa habari kisha kifo chake.

Ile haya tunaiona wazi katika kitabu chake Great Expectations, kilichotoka kidogo kidogo gazetini, 1860 mupaka 1861. Yatima Pip analelewa na dada yake na shemeji Joe, mufua chuma. Siku moja anamupa chakula na tupa mufungwa aliyetoroka, mwenye minyororo muguuni. Miaka inapita, avoka anafika: kuna mutu anataka kulipia Pip maisha ya kibwana kule London, lakini jina lake ni siri. Pip anafikiri ni mama mumoja tajiri. Anavaa vizuri, na Joe akimutembelea, anamusikilia haya juu ya mikono yake na namna yake ya kula.

Kumbe mulipaji ni ule mufungwa, Magwitch! Walimupeleka Australia, akafanya kazi ngumu ya kondoo, akamutumia makuta yule mutoto aliyemupa mukate. Anarudi kumuona, na kurudi ni kosa la kifo. Wanamukamata, serikali inachukua mali yote. Pip anabaki na ugonjwa na madeni. Nani anakuja kumuuguza na kulipa deni? Joe, na makuta ya nyundo.

Sisi wa sendika hatupendi yote aliyoandika Dickens: katika Hard Times alimuchora musemaji wa sendika sawa mutu wa kelele tu. Lakini hapa alisema kweli. Mitaani kwetu tumeona mutoto wa masomo makubwa anayeomba baba asitokee na botte za kazi wakati wenzake wanafika. Ule minervali umetoka wapi? Umetoka katika zile botte.

Dickens alikufa tarehe 9 Juni 1870, na miaka 58. Walimuzika Westminster Abbey, pamoja na wakubwa wa inchi. Mutoto wa siraje alifika pale, lakini siri yake aliibeba karibu maisha yote. Ninyi wazazi, musifiche kazi yenu. Na ninyi watoto, mukiulizwa nani analipa masomo, mutaje jina lake na kazi yake.