Edward Mellanby, muganga aliyetafuta sababu ya miguu ya watoto kupinda

Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, katika miji ya viwanda ya Uingereza, mtoto mwenye miguu ya kupinda hakushangaza mtu. Moshi wa makaa ulifunika jua, maskini waliishi katika nyumba za giza, na chakula chao kilikuwa mkate na uji. Wasichana wengine walikua na nyonga nyembamba, kisha kuzaa kukawa hatari kwao. Ugonjwa huo ni matege, ambao waganga wanaita rashitismu. Wengine walisema unatoka kwenye uchafu, wengine wakasema ni wa kurithi.

Edward Mellanby alizaliwa tarehe 8 Aprili 1884 West Hartlepool, mji wa bandari, akasoma Cambridge. Mwaka 1914 kamati ya serikali ya utafiti wa afya ilimuomba atafute sababu ya ugonjwa huo. Alichukua watoto wa mbwa, akawafungia ndani, akawalisha kama maskini, zaidi sana uji wa nafaka. Miguu yao ikapinda. Wale aliowapa mafuta ya ini la samaki, mifupa yao ikakaza. Mwaka 1919 alitangaza kwamba matege yanatoka kwenye sahani.

Hapo alikuwa na haki, lakini si yote. Alifikiri dawa iliyo ndani ya mafuta yale ni vitamini A. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba ni kitu kingine, ndiyo vitamini D. Tena mbwa wake hawakuona jua. Mwaka ule ule wa 1919, Kurt Huldschinsky alikuwa ameponya watoto Berlin kwa mwanga wa taa tu, maana ngozi ikipata mwanga kama ule wa jua, mwili unajitengenezea vitamini hiyo.

Mellanby hakuacha. Aliendelea kuchunguza nafaka, akaonyesha kwamba ndani yake kuna kitu kinachokamata kalsiamu tumboni, isifike kwenye mifupa. Kuanzia 1933 hadi 1949 aliongoza Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Alifariki tarehe 30 Januari 1955.

Mzazi wa Kasenga anaweza kuuliza: hapa Uvira jua ni jingi, hayo yatuhusu nini? Jibu lilipatikana Nijeria. Kule watoto waliokuwa wanacheza juani walipata matege kwa sababu chakula chao kilikosa kalsiamu. Walipopewa kalsiamu, mifupa yao ilipona. Jua peke yake halitoshi, na bugali peke yake haitoshi.

Ziwa Tanganyika linatupa ndagala, samaki anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Akikaushwa na kusagwa vizuri, unga wake unaingia kwenye uji wa mtoto. Kama ndagala wote wanauzwa sokoni na nyumbani kunabaki bugali tu, mtoto ndiye anayelipa.

Ikumbukwe kwamba miguu ya mtoto anayeanza kutembea huwa imepinda kidogo, kisha inanyooka yenyewe. Ikizidi kupinda, au mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa, si laana na si wa kufichwa ndani ya nyumba. Apelekwe kituo cha afya mapema, wakati mifupa bado inakua na inaweza kunyooka.