Aneurin Bevan: mchimbaji mwenye kigugumizi aliyeletea watu wote lopitali

Ndugu wasomaji, ninaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Siku moja tulikuwa mu mkutano wa sendika, kisha posti ya asubui. Mwenzetu mmoja akainua mkono. Ule mwenzetu ana kigugumizi. Akasimama, neno la kwanza likakwama. Akajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Kule nyuma watu wakaanza kucheka. Mimi njo nilikuwa naongoza mkutano. Nikaangalia saa, nikapatia mwingine neno. Yeye akakaa, akaangalia chini. Siku chache kisha, ngazi moja ya kushukia mu mgodi ikavunjika, kijana mmoja akavunjika mguu. Pale njo tukajua: mwenzetu alitaka kutuambia habari ya ile ngazi.

Tangu ile siku ninafikiri sana juu ya watu wenye kigugumizi. Njo maana leo nataka kuwaelezea maisha ya mchimbaji mmoja wa zamani, Aneurin Bevan, wa Wales, mu ufalme wa Uingereza. Watu wake walimuita Nye. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto, na bado akafika kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa Bunge la inchi yake, na minisitiri aliyeanzisha matunzo ya bule kwa wagonjwa wote. Wengi wanamujua kwa ile kazi ya lopitali. Lakini wachache wanajua ni nani walimusaidia kupata sauti.

Kijana wa Tredegar

Nye alizaliwa tarehe 15 novemba 1897 mu mji wa Tredegar, mu mabonde ya kusini ya Wales. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma. Baba yake, David, alikuwa mchimbaji, mtu wa kupenda vitabu na nyimbo. Mama yake, Phoebe, alikuwa mshonaji wa nguo. Walizaa watoto kumi, lakini wengine walikufa wangali wadogo, sawa vile ilikuwaka kwa jamaa nyingi za wafanyakazi wakati ule.

Ku masomo Nye hakupata raha. Neno lilikwama mu kinywa, na mwalimu mkubwa alikuwa mtu mkali wa fimbo. Mtoto mwenye kigugumizi, akijua jibu, anaweza kuonekana mjinga, juu jibu linachelewa kutoka. Wengi wetu tumeona vile mu masomo yetu. Nye aliacha masomo akiwa na miaka 13, akashuka chini ya udongo mu mgodi wa Ty-Trist.

Lakini mu Tredegar wachimbaji walikuwa wamejijengea kitu kimoja kikubwa. Walikuwa na nyumba yao ya wafanyakazi, na ndani yake biblioteki. Vitabu vilinunuliwa na kotizasio yao, feza ndogo iliyokatwa ku mshahara wa kila mtu. Nye akitoka ku kazi, akishanawa vumbi ya makaa, alienda pale. Alisoma mambo ya uchumi, historia, mashairi, hadisi, kila kitu.

Na pale njo alipata silaha yake ya kwanza. Mtu mwenye kigugumizi anajua mapema neno gani litamufunga, sawa dereva anayejua shimo la barabara yake. Nye akaanza kutafuta, kwa kila neno, maneno mengine mawili ao matatu yenye maana ileile. Neno moja likikataa, anaruka ku lingine. Kwa kukimbia maneno magumu, akaokota maneno mengi kuliko watu wa masomo marefu. Kisha, watu waliomusikia mu Bunge walishangaa kwa utajiri wa luga yake.

Marafiki wa mlimani

Peke yake hangefika mbali. Juu ya Tredegar kuko milima, na Nye alikuwaka anatembea kule na marafiki, anasoma mashairi kwa sauti kubwa. Mlimani hakuna wa kucheka. Upepo unachukua neno lililovunjika, na rafiki anatembea tu pembeni, hana haraka. Mistari ya mashairi ina mapigo yake, na watu wengi wenye kigugumizi wanajua kama mapigo yanasaidia: mtu anayekwama akisema, mara nyingi hakwami akiimba.

Rafiki mmoja alimusaidia zaidi: Walter Conway. Alikuwa mtu mzima kumupita Nye, na alikuwa karani wa shirika la matunzo la wafanyakazi wa Tredegar, lile tutakaloona mbele. Nye alimuuliza namna gani anaweza kushinda kigugumizi chake. Conway hakumupatia dawa, na hakumuonea huruma. Alimuonyesha kama neno linalokataa kutoka, mara nyingine ni wazo ambalo bado halijakomaa mu kichwa, kwa hiyo ajitayarishe vizuri, ajue kabisa kitu anataka kusema. Sisemi ile shauri inafaa kwa kila mtu. Kigugumizi si ujinga, na mtu anaweza kujua jambo lote na bado akakwama. Lakini kwa Nye ilikuwa na faida: mtu wa heshima alimuona sawa msemaji wa kesho, akazungumuza naye juu ya kazi ya kusema, si juu ya ugonjwa.

Na wachimbaji wenyewe walifanya nini? Akiwa na miaka 19 tu, wakamuchagua kuwa kiongozi wa tawi lao la sendika. Ndugu delege, fikiri pale kidogo. Kiongozi wa tawi ni mtu wa kusema mbele ya wote, tena mbele ya wakubwa wa kampani. Kuko wengi waliokuwa na ulimi mwepesi. Wao wakachagua kijana mwenye kigugumizi. Waliangalia kichwa na roho, hawakuangalia mwendo wa maneno.

Mwaka 1917, wakati wa vita, serikali ilimuita ku jeshi, akakataa, wakamupeleka ku tribinali. Akaonyesha barua ya munganga: alikuwa na ugonjwa wa macho, ule wachimbaji walipataka kwa kufanya kazi mu giza na taa hafifu. Wakamuacha.

London, kisha chomazi

Mwaka 1919 sendika ya wachimbaji wa kusini ya Wales ikamutuma ku London, ku masomo makubwa ya wafanyakazi, Central Labour College. Ni feza ya wachimbaji njo ilimusomesha. Akakaa kule miaka mbili. Mu ile miaka alijizoeza tena kusema: alijifunza kwa kichwa kurasa ndefu za mwandishi William Morris, akazisema kwa sauti, siku kwa siku. Pole pole kigugumizi kikaanza kulegea.

Aliporudia Tredegar mu 1921, kampani ikakataa kumurudisha ku kazi. Ilijua ni mtu wa sendika. Nye akakaa bila kazi karibu miaka mitatu. Hata msaada mdogo wa serikali ulikatwa, juu dada yake Arianwen alikuwa anapata mshahara. Basi kijana mwanaume akaishi kwa jasho la dada yake. Wale waliokaa chomazi kwa sababu ya sendika wanajua namna ile inauma.

Mu 1924 alipata kazi ku mgodi mwingine, lakini mgodi ule ukafungwa kisha miezi kumi. Mu februari 1925 baba yake akakufa, mapafu yake imejaa vumbi ya makaa. Jamaa haikupata hata malipo, juu sheria ya wakati ule haikuhesabu ile vumbi kuwa ugonjwa wa kazi. Nye alimushika baba yake mu mikono mpaka pumzi ya mwisho. Kisha pale, kila mara aliposema juu ya wagonjwa, hakusema mambo ya vitabu.

Mwaka 1926 wachimbaji wa mji wakaamua kumulipa wenyewe, paundi 5 kwa juma, awe mtumishi wa sendika. Mu mei ya ule mwaka mgomo mkubwa ukaanza. Wafanyakazi wengine wengi wa Uingereza walisimama siku tisa, lakini wachimbaji waliendelea miezi mingi. Nye akatafuta feza na chakula kwa jamaa zao. Mwaka 1929 watu wa Ebbw Vale wakamutuma ku Bunge. Alikuwa na miaka 31, na alibakia mbunge wao mpaka kufa.

Mu Bunge

Kule London alikutana na wana wa matajiri, watu wa masomo makubwa. Hakuwaogopa. Mara nyingi alisema bila kusoma ku karatasi. Kigugumizi hakikuondoka kabisa. Kuko mara alikwama kidogo mbele ya neno, na watu wakanyamaza, wakingoja neno gani litatoka. Kile kimya, zamani kilikuwa haya yake, sasa kilikuwa nguvu yake.

Mwaka 1934 alioa Jennie Lee, binti wa mchimbaji wa Scotland, aliyekuwa pia mbunge akiwa na miaka 24. Walikuwa wenzi mu nyumba na mu mapigano. Nye hakuwa malaika: alikuwa na kiburi, na ulimi wake ukishafunguka ulikata sana. Mwaka 1939 chama chake kilimufukuza kwa muda. Wakati wa vita alimupinga Churchill mbele ya wote, wakati wengi waliogopa.

Mwaka 1945 chama chake kikashinda, na Nye akawa minisitiri wa afya. Hapa turudie ku Tredegar. Lile shirika la Walter Conway lilifanya kazi hivi: kila mfanyakazi alitoa peni tatu ku kila paundi ya mshahara wake. Paundi moja wakati ule ilikuwa peni 240, kwa hiyo ilikuwa kidogo sana. Lakini ile feza ilipolipa waganga, dawa na lopitali, karibu mji wote ulitunzwa. Nye alitaka inchi yote iwe sawa vile: ukiwa mgonjwa unatunzwa, bila kuulizwa feza mlangoni, na gharama inatoka mu kodi ya wote.

Waganga wengi walikataa. Mu februari 1948 chama chao kilipiga kura: zaidi ya 40,000 walisema hapana, hata 5,000 hawakufika kusema ndiyo. Nye akabishana nao, akajadiliana, akaachia mambo mamoja: waganga wakubwa wakaruhusiwa kuendelea kutunza wagonjwa wao wa kulipa. Lakini neno la matunzo ya bule hakuliachia. Tarehe 5 julai 1948 kazi ikaanza, na yeye akaenda kuona lopitali ya Park, karibu na Manchester.

Mwaka 1951 serikali yake mwenyewe ikataka watu walipe sehemu ya bei ya lineti na meno ya kubandika. Nye akaacha cheo cha minisitiri. Wengine walisema ni jambo dogo. Kwake, aliyeona baba yake anakufa bila malipo, halikuwa dogo.

Alikufa kwa kansa ya tumbo tarehe 6 julai 1960, akiwa na miaka 62. Ilikuwa miaka 12 na siku moja tangu lopitali zifunguliwe kwa wote. Majivu yake yalimwagwa ku milima juu ya Tredegar. Kule juu, mahali alikuwaka anasemea watu wake, kuko leo mawe manne makubwa: moja lake, na matatu ya miji ya Tredegar, Ebbw Vale na Rhymney.

Na sisi?

Ndugu wasomaji, watu wanapenda kusema Bevan alishinda kigugumizi kwa nguvu yake mwenyewe. Nguvu alikuwa nayo, ndiyo. Lakini angalia hesabu: vitabu ni kotizasio ya wachimbaji. Mlimani kulikuwa marafiki. Kulikuwa Conway. Masomo ya London ni feza ya sendika. Wakati wa chomazi kulikuwa dada yake. Na kabla ya yote kulikuwa wanaume wa tawi moja waliokubali kungoja mpaka kijana amalize neno lake. Deni lile alililipa kwa lopitali.

Mu tawi letu tulibadilisha mambo machache. Mtu akikwama, hakuna anayecheka, na hakuna anayemumalizia neno. Mwenye kuongoza mkutano anangoja, anamuangalia usoni, si saa. Mwenye kuona afazali azungumuze kwanza pembeni na delege, anaweza. Mwenye kutaka rafiki asimame naye, anaweza.

Mimi nilienda kumuomba musamaha ule mwenzetu, nyumbani kwake, mbele ya muke wake. Alichukua muda kunijibu, na safari hii nilingoja. Leo ni yeye anayetuletea kila juma habari ya ngazi na kamba za chini. Inachukua dakika kadhaa zaidi. Na ule kijana wa mguu uliovunjika anakaaka pembeni yake.