Denis Burkitt: Tabibu wa Jicho Moja

Soma kwa somo la juma hili: Yohana 9:1–3, 1 Wakorintho 6:19, 20, 10:31.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Alipokuwa chuoni Dublin alimkabidhi Kristo maisha yake, akaacha uhandisi na kusomea udaktari. Mwaka 1946 alianza kazi Uganda.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Wengine wakafuata. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waliona kwamba saratani hiyo ilikuwa ya sehemu zenye joto na mvua, nayo ilikuwa adimu nyanda za juu zenye baridi. Baadaye ilihusishwa na virusi pamoja na malaria. Halikuwa kosa la watoto wale wala la wazazi wao.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alijiuliza swali jingine: kwa nini saratani ya utumbo mpana ni nyingi Ulaya, lakini ni adimu vijijini Afrika? Alielekeza macho kwenye chakula chenye nyuzinyuzi: nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga. Uwele na mtama wetu wa Dodoma ni vyakula vya namna hiyo.

Kule California, tangu mwaka 1958, watafiti walifuatilia Waadventista wapatao 23,000. Vifo vyao vya saratani ya mapafu vilikuwa kama moja ya tano ya vile vya watu wengine. Kilichowalinda si jina katika kitabu cha washiriki, bali maisha yasiyo na tumbaku.

Hata hivyo, hizo ni hesabu za kundi, si hukumu ya mtu mmoja. Mwenye kiasi pia huweza kuugua. Dada yetu akipata saratani, tusimchunguze sahani yake. Tumpeleke hospitali mapema, tumwombee, tumpikie.

Burkitt alifariki mwaka 1993, akiwa bado mwamini.

Maswali ya Kujadili

1. Je, tumewahi kumlaumu mgonjwa kama wanafunzi wa Yesu walivyodhani juu ya yule kipofu?

2. Kwa nini wengi wetu tunaacha uwele na dona, na kuona sembe nyeupe ndiyo heshima kwa mgeni?

3. Kanisa letu litamsaidiaje jirani anayetaka kuacha tumbaku?