Patsy Cline: kantri ao pop?

Patsy Cline alizaliwa tarehe 8/9/1932 mu Winchester, jimbo la Virginia, Marekani. Baba yao alipotoka nyumbani, aliacha masomo juu ya kusaidia mama yake. Yeye mwenyewe alipenda kantri ya zamani. Lakini mwenye kumurekodi, Owen Bradley, aliweka violoni na waitikiaji, na nyimbo zake zikapendwa pia na watu wa pop. Wengine walinungunika: hii ingali kantri kweli? Alikufa mu aksida ya ndege tarehe 5/3/1963, na miaka 30 tu. Mwaka wa 1973, nyumba ya heshima ya kantri ilimupokea, mwanamuke wa kwanza mwenye kuimba peke yake. Leo vijana wenye kuchanganya pop njo wanapimwa na sauti yake.